Bega la Kulia la Mama

Wiki mbili zilizopita mama alishuka kutoka mlimani, akafika kwangu Njiro, mjini, na begi moja na kuku mmoja aliyefungwa miguu, kama kawaida yake. Alikuwa na miadi ya hospitali kwa ajili ya bega. Alipofungua begi kutoa khanga ya kulalia, chumba kikajaa harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu nilipoondoka nyumbani: mafuta ya kusafishia bunduki, ngozi ya zamani, na ile harufu ya chuma kilichokaa muda mrefu ndani ya sanduku. Nilisimama mlangoni na shuka mkononi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na presha inayoanza kunisumbua, lakini nilitamani kwenda kujificha nyuma ya pipa la maji kama mtoto.

"Bunduki nimeirudisha polisi," mama akasema bila kugeuka. "Bega limekataa. Hii ngozi wao hawakuitaka, wamesema si sehemu ya silaha. Nikaona nikuletee wewe."

Akaiweka kitandani. Kwa asiyeijua, ni kama soksi fupi ya ngozi ya ng'ombe, ina kamba za kufungia ubavuni, na ndani yake mwishoni kumeshonewa kipande kinene cha mpira mwekundu. Huvalishwa kitako cha bunduki, ile sehemu ya mbao inayokaa begani, ili bunduki inaporusha teke lake mpira ulipokee kwanza kabla ya bega. Bunduki nyingi hazina haja nayo. Ya babu ilikuwa na haja nayo sana.

Bunduki ya babu ilikuwa Nne-Hamsini-na-Nane, kwa kipimo cha risasi zake, na kwetu jina hilo lilitamkwa lote, bila kufupishwa, kama jina la mchungaji. Risasi yake moja ilikuwa ndefu kupita kidole changu cha kati na nene kama kidole changu gumba. Babu hakuwa mwindaji. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi na mzee wa kanisa, ila shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kabla ya msitu. Baada ya mgomba wetu wa mwisho kulikuwa na mtaro, na ng'ambo ya mtaro ilikuwa serikali na nyati wake. Nyati hao hawakuujali mtaro. Walivuka wakati wa mahindi, wakala walichotaka na kulalia walichobakiza, na jirani yetu mmoja alichomwa pembe akienda kuchota maji, akachechemea maisha yake yote. Ndiyo maana babu aliomba kibali cha bunduki kubwa, na ndiyo maana alipewa.

Mara nyingi alipiga kwenye ukingo wa mtaro tu, udongo uruke, nyati wageuke. Hilo peke yake lilitosha kwetu watoto. Mlio haukuingia masikioni, uliingia tumboni. Vikombe vya bibi viligongana kabatini, kuku wakasusa kutaga, na bibi alisali kwanza ndipo akaanza kulalamika. Nami nilikimbia kumtazama babu, kwa sababu kitu kikubwa hakikuwa mlio bali jinsi alivyopokea teke. Mtutu ulipanda juu, bega lake likarudi nyuma kiasi cha shubiri, mwili mzima ukayumba na kurudi pale pale ulipokuwa, na uso wake haukubadilika. Niliamini babu yangu ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote Meru, na nyinyi wa rika langu mliokuwa na babu mnajua kwamba imani hiyo haitaki ushahidi.

Aliyefundishwa bunduki hiyo kabla ya wengine alikuwa mama. Mjomba mkubwa alikuwa shuleni bwenini, mdogo alikuwa bado mtoto, mama ndiye aliyekuwepo, na babu alihitaji mtu wa kumshikia taa, kumsafishia mtutu na baadaye kumpigia pale alipokuwa na homa. Alimfundisha kwa shabaha ya chuma, yaani ule mwanya wa nyuma na kile kinundu cha mbele, kwa sababu siku hizo darubini haikuwepo. Darubini ilikuja baadaye sana, macho ya babu yalipoanza kufifia, na ngozi ilikuja pamoja nayo, bega lake lilipoanza kuzeeka. Mama alinisimulia maneno aliyoambiwa: usiikimbie na usiikumbatie kama mchumba, weka mguu wa kushoto mbele, egemea kidogo, kisha lile teke liache lipite. Kuhusu baba yangu mzazi msiniulize. Hiyo ni habari nyingine na haina bunduki ndani yake.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Darasani nilikaa dawati moja na Naserian, ambaye kwao ni upande wa magharibi wa mlima, watu wa mifugo. Alikuwa na vialama viwili vya mviringo mashavuni, kimoja kila upande, vizuri sana. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia walimchoma akiwa mdogo ili awe mtu wa kwao. Nilirudi nyumbani nikiwa na wivu mkubwa, nikaanza kutafuta na sisi alama yetu iko wapi. Haikunichukua muda. Mjomba Elibariki, mkubwa wao, alikuwa na kovu jembamba la nusu duara juu ya nyusi ya kulia. Mjomba Anaeli, mdogo wao, alikuwa nalo hapo hapo. Mzee Simeoni, rafiki wa babu wa kanisani, alikuwa nalo pia. Na babu mwenyewe, ukimtazama juani akiwa amevua kofia, alikuwa nalo. Wote nyusi ya kulia, wote nusu duara, wote watu wa Nne-Hamsini-na-Nane.

Mama hakuwa nalo. Paji la uso wake lilikuwa laini kama yai. Nililikagua wakati ananisuka, nikalikagua akiwa amelala mchana, hakuna kitu. Na nilipoona jinsi wajomba walivyokuwa wakiongea siku za Krismasi huku mama anapakua loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na kupita katikati yao bila kukaribishwa kiti, nilijieleza mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya kukosa alama. Krismasi moja nilimsikia mjomba Anaeli akisimulia alivyoipata ya kwake. Alikuwa anakula mguu wa mbuzi na kuuzungusha hewani. "Mimi nikaitoa ile ngozi, nikasema hii ni ya wazee. Bunduki ikawa fupi. Nikaweka jicho kwenye darubini, paa, nikapata hii hapa." Akaigusa nyusi, wakacheka wote. Nilicheka pia, chini ya meza, na nikaweka akiba neno hilo: ukitoa ngozi, unapata.

Babu alifariki msimu wa baridi, ule wa ukungu unaoshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango. Askari wakaja kuichukua bunduki, kwa sababu sheria inasema silaha ya marehemu ikae polisi mpaka apatikane mwingine mwenye kibali. Ngozi ilibaki sandukuni. Matanga yalipoisha wajomba wakaitisha kikao sebuleni, mimi nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pangu pa kudumu katika mambo yote muhimu ya ukoo.

Mjomba Elibariki alikuwa mwalimu mkuu na alikuwa amejenga Moshono. Aliongea kama anayesoma ratiba. "Mimi naona bunduki tuiache serikalini moja kwa moja. Mama atahamia kwangu, shamba tutalikodisha. Huku juu hakuna mwanamume, na nyati sasa watajua."

Bibi alikuwa akichambua maharage mapajani. "Mimi huko Moshono sijui hata nitaota jua wapi," akasema, akaendelea kuchambua.

"Kibali nitaomba mimi," mama akasema.

Mjomba Anaeli, mwenye duka la vipuri Kaloleni na mdomo usio na breki, ndiye aliyedakia. "Dada, ile itakutoa bega ukalitafute kwa jirani."

"Nimeipiga nikiwa msichana, Anaeli. Wewe ulikuwa bado unajikojolea."

"Ulipiga mara ngapi? Na ni miaka mingapi imepita?" Mjomba Elibariki aliuliza, na hakuwa anamdhihaki, alikuwa anaogopa. Hilo nimelielewa nikiwa mkubwa. "Eliamani dada yangu, nisikilize. Nyati akiingia hapa na wewe ukamkosa, ni mimi nitakayewazika. Wewe, mama yetu, na huyo mtoto aliyejificha jikoni."

Nikasogea nyuma zaidi ya mlango.

"Bwana nyama lazima aandike barua kwamba naijua silaha," mama akasema. Bwana nyama ndivyo tulivyomwita afisa wanyamapori wa eneo letu. "Atakuja kunipima. Njoo uone kwa macho yako."

Mjomba Elibariki akafikiri. "Sawa. Duara la ukubwa wa sahani, hatua hamsini. Risasi tatu. Zikiingia zote, nasaini barua ya ukoo ya kukuombea kibali na sitatia neno tena. Ikikosa moja, tunafungasha kabla ya mvua."

Niliyasikia yote hayo vizuri. Nyumba, bibi, mtaro, kitanda changu chini ya dirisha, vyote vilikuwa vimewekwa mezani, na mimi nikachagua kuelewa kitu kimoja tu: kwamba siku hiyo wajomba watamtazama mama usoni, na uso wake hautakuwa na alama. Hata angeingiza risasi mia, wangesemaje kuwa ni mwenzao? Nilimpenda mama yangu kupita kiasi. Nikaamua kumsaidia.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi. Asubuhi mama alivaa sketi yake ya kanisani na raba, akaweka kwenye kikapu chupa ya chai, maandazi, na juu kabisa ile ngozi, ameipaka mafuta mpaka inang'aa. Alipokwenda kumuaga bibi niliichomoa, nikaingiza mkononi kama soksi kuona ilivyo, kisha nikaitia kwenye mkoba wangu wa shule na kufunga vifungo vyote viwili. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nabeba mkoba Jumamosi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kubeba mkoba hata chooni. Tukateremka kwa miguu hadi upande mkavu wa chini, kwenye shimo la zamani la kuchimbia moramu, ule udongo wa kumwaga barabarani, lenye ukuta mrefu wa udongo ambao risasi haiwezi kuupita.

Walikuwa wamekwisha fika. Askari mmoja alikuwa na bunduki ndani ya gari, bwana nyama alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, na wajomba walikuwa wamevaa makoti kama waliokuja kuposa. "Shikamooni," nikawaambia wote kwa pamoja, na sikumtazama yeyote. Ubao ulikuwa umesimamishwa, umechorwa duara kwa mkaa. Hatua hamsini zilionekana nyingi sana.

Mama akapokea bunduki, akaikagua, akavuta bolti ya kuingizia risasi, akachungulia ndani ya mtutu. Kisha akainama kwenye kikapu. Akatoa maandazi. Akatoa chupa ya chai. Akainua kitambaa cha chini, akakirudisha.

"Nini?" mjomba Elibariki akauliza.

Mama alitazama njia tuliyojia, akatazama kikapu, halafu akaja nilipokuwa nimesimama. Aliinama mbele yangu akaanza kunifunga kifungo cha sweta kilichofunguka. Mkono wake mwingine ulikuwa umeushika mkanda wa mkoba wangu. Alikaa hivyo kidogo, uso wake karibu na wangu, nikaona paji lile laini, nikamwombea kwa moyo wote. "Ziba masikio," akaniambia, "na usiyaachie mpaka nikuambie." Akasimama, akawageukia.

"Ngozi nimeiacha nyumbani," akasema.

Mjomba Anaeli akapiga mluzi. Mjomba Elibariki akavua miwani, akaifuta. "Basi tuahirishe. Bila ile ngozi bunduki ni fupi, darubini itakuja usoni. Mimi na Anaeli tunajua."

"Mimi kurudi huku ni mpaka mwezi ujao ukiisha," bwana nyama akasema kwa sauti yake ndogo. "Na bunduki siwezi kuahidi kwamba bado itakuwa hapa wilayani. Mama, chukua sweta langu, likunje uweke begani."

"Ahsante, bwana. Kitambaa kinateleza. Kikiteleza nitakosa." Mama aligeuza bunduki, akatazama zile skrubu mbili kubwa zinazoshika darubini. "Nani ana sarafu?"

Bwana nyama akatoa moja mfukoni. Mama akaitia kwenye mfereji wa skrubu ya kwanza, akazungusha, akaja ya pili, akaiinua darubini ile ambayo wajomba walikuwa wameiheshimu tangu ilipofungwa, akampa mjomba Anaeli aishike. Anaeli aliipokea kwa mikono miwili, mdomo umefunga kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zangu. Chini ya darubini kulikuwa na ile shabaha ya chuma, imekaa pale miaka yote ikingoja mtu anayeifahamu.

Kama darubini haipo, alama itatoka wapi?

Akaweka mguu wa kushoto mbele. Akaegemea kidogo. Sketi ya kanisani, raba, kilemba cha bluu, na lile zigo la chuma na mbao likapanda begani kwake taratibu. Mlio ulipotoka niliusikia tumboni hata nikiwa nimeziba masikio, vumbi likaruka ukutani, na nikamwona mama yangu akipigwa. Sina neno lingine. Bega lilirushwa nyuma, kilemba kikaruka, raba zikaburuza changarawe. Kisha mwili wake ukayumba na kurudi pale pale ulipokuwa, na uso wake haukubadilika. Alilipokea teke vile vile kama babu. Niliacha kuziba masikio bila kujua.

"Ndani," bwana nyama akasema, darubini ya mkononi machoni.

Mama akavuta bolti. Ganda la risasi likadondoka miguuni pake likitoa moshi. Nilimwona akifumba macho mara moja, akifungua na kufunga vidole vya mkono wa kulia, kama mtu anayehakikisha bado ni vyake. Akapandisha bunduki tena. Ya pili ilimrudisha nyuma hatua nzima, na safari hii alitoa sauti ndogo, si kilio, ni hewa tu iliyosukumwa nje. Mjomba Elibariki alisogea mbele. "Eliamani, basi, inatosha."

"Ulisema tatu," mama akasema.

Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Aliushusha, akaungoja umrudie, na sisi sote tukangoja pamoja naye. Upepo ulipita shimoni ukachukua vumbi. Nilikuwa na ile ngozi mgongoni, ndani ya mkoba, hatua kumi kutoka kwenye bega lake, na ningeweza kuitoa wakati wowote. Sikuitoa. Niliogopa, na pia, Mungu anisamehe, bado nilikuwa natumaini. Akapandisha bunduki kwa mara ya tatu, mikono ikatulia, na akapiga.

Bwana nyama alitembea hadi kwenye ubao, akaweka kiganja chake kinene juu ya duara, akatuita tuone. Matundu yote matatu yalikuwa chini ya kiganja hicho. Mjomba Elibariki aliyatazama muda mrefu. Kisha akaitandaza barua ya ukoo juu ya boneti ya gari la polisi na kusaini, na alipomaliza alimpa mama mkono, wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuweza kuinuka.

Nami nikaanza kulia. Si machozi ya furaha kama walivyodhani. Nililia kwa sauti, nimekaa chini kwenye changarawe. Mjomba Anaeli alikuja akachuchumaa mbele yangu, darubini bado imo mikononi. "Mama yako amepiga vizuri, kwa nini unalia?"

"Hajapata," nikasema.

"Hajapata nini?"

Nikagusa nyusi yangu, nikagusa ya kwake. Ilimchukua muda. Alipoelewa hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote, maana bwana nyama alikuwa amekwisha anza kucheka pale kwenye ubao. "Hii?" Anaeli akasema. "Mwanangu, hii si alama. Hii nilishika bunduki vibaya, darubini ikanipasua, nikashonwa nyuzi nne nikilia kuliko wewe. Kaka naye hivyo hivyo. Mzee Simeoni hivyo hivyo. Hata babu yako, siku ya kwanza tu ilipofungwa darubini." Akageuka akamtazama dada yake, aliyekuwa anajaribu kufunga kilemba kwa mkono mmoja. "Katika watu wote walioigusa bunduki hii, ni yeye tu hajawahi kupigwa usoni."

Tulipanda kurudi nyumbani polepole. Bibi alikuwa amesimama kwenye mgomba wa mwisho, na mama alipoinua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, bibi aliketi pale pale majanini. Jioni ile alimvua mama blauzi jikoni ili ampake mafuta, nami nikaona bega. Lilikuwa limevimba, la zambarau katikati na kijani pembeni, na ukingo wa kitako umejichora wazi kabisa kwenye ngozi ya mwili wake. Kwa wiki tatu hakuweza kuinua sufuria. Nilichota maji mimi, nikasonga ugali mimi, vibaya, na wakaula bila kusema. Ile ngozi niliirudisha sandukuni walipokuwa wakila, chini kabisa, chini ya koti la babu. Siku chache baadaye niliikuta juu, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyeniuliza.

Tulibaki kule juu. Bibi aliota jua lake kwenye kiti chake mpaka mwisho wa maisha yake, na mama aliishika Nne-Hamsini-na-Nane miaka yote hiyo, akaipeleka kukaguliwa kila ilipotakiwa, akaamshwa na majirani alfajiri kwa maneno "wamevuka". Nimemwona akisimama kwenye ukingo wa mtaro na khanga mbili kiunoni, udongo ukiruka, nyati wakigeuka kwa hasira zao zote. Darubini hakuirudisha kamwe. Siku za Krismasi wajomba walimpisha kiti kabla hajafika mlangoni. Nimeishi na watu wengi wanaoitwa mashujaa, nimekaa nao kwenye semina na kula nao chakula cha mchana, na bado sijamwona mtu wa kumlinganisha naye.

Basi juzi usiku wa kuamkia miadi yake nilikuwa nampaka dawa. Daktari alikuwa amekwisha tuambia kwa simu kwamba picha alizopigwa wiki iliyotangulia zinaonyesha bega lililoumia zamani sana, likapona lenyewe vibaya, kisha likapigwa juu ya hapo kwa miaka. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amenipa mgongo. Ile ngozi ilikuwa juu ya kiti, inanukia chumba kizima. Mikono yangu ilikuwa kwenye bega lake, na sikuweza kunyamaza tena.

"Mama. Siku ile shimoni. Ngozi ilikuwa kwangu."

"Najua."

Nikaacha kupaka. "Ulijua lini?"

"Pale pale. Nilipokufunga kifungo. Mkoba ulikuwa unanuka mafuta ya bunduki, ungedhani umebeba bunduki yenyewe."

Nilifikiria zile risasi tatu. Nilifikiria mkono wake kwenye mkanda wa mkoba wangu, na vile vifungo viwili ambavyo angeweza kuvifungua kwa sekunde moja. "Kwa nini hukuichukua?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa nyuma ya mlango.

"Ningeitoa kwenye mkoba wako mbele ya wajomba zako?" Alishangaa kweli, kama vile nimemuuliza kwa nini hakunitupa mtaroni. "Wangekuita mwizi mpaka leo. Anaeli asingeacha. Unamjua mdomo wake."

"Mama, lakini bega."

"Bega ni langu," akasema. Kisha akalisogeza kidogo kuelekea mkononi mwangu. "Panda juu. Hapo. Usibonyeze sana."